Ni Mkono wa Nani Uliotangulia?

Ndugu msomaji, ukinunua kanga mpya wako watakaokwambia uifue kwanza ndipo uivae, na wako watakaokwambia ukiifua utaiondoa wanga na uzuri wake wote. Kila mmoja ana hoja yake, na khasara ya kukosea ni ndogo. Lakini siku hizi kuna kitu kipya kingine kinachoingia majumbani mwetu, nacho ni kompyuta mpakato, ile ambayo sote twaiita laptopu, na suala lake ni hilo hilo: uitumie kama ilivyokuja, au uifute yote uiwekee mfumo endeshi upya, kazi ambayo mafundi wetu huiita "kupiga Windows"? Hapa khasara ya kukosea yaweza kuwa kubwa, hasa ikiwa ndani ya kompyuta hiyo yatawekwa mambo ya watu wengine.

Kwanza tuelewane. Mfumo endeshi ndio programu mama. Ndio unaoamka kwanza unapobonyeza kitufe, ndio unaoziona herufi zote unazozichapa, ndio unaoufungua mlango wa intaneti na kuufunga. Programu nyinginezo ni wageni ndani ya nyumba. Mfumo endeshi ni bawabu, na yeye ndiye mwenye funguo za vyumba vyote. Kwa hivyo anayeuliza kama aufute mfumo aliokuja nao dukani, kwa hakika anauliza kama amwamini bawabu aliyemkuta mlangoni, ambaye yeye mwenyewe hakumwajiri.

Mimi naishi Nyanga, kata moja ya mji wa Bukoba, ingawa kwetu ni Tanga. Nimekaa huku miaka mingi, hata nimezoea kula ndizi asubuhi na jioni, na kuwangoja senene kama wenyeji wanavyowangoja. Tuna chama chetu cha kufaana, cha kuzikana na kukopeshana, chenye wanachama hapa mjini na wengine huko Muleba, aghalabu wakulima wa kahawa. Hesabu zetu zote zilikuwa katika madaftari ya karatasi, na madaftari hayo yalikuwa yameanza kuchoka, kurasa zimetoboka, mahali pengine wino umefifia. Wanachama wakachanga, ikanunuliwa kompyuta katika duka moja la Mwanza, ikaletwa kwa meli usiku mmoja wa safari ya ziwa.

Tafadhali zingatia ni vitu gani vilivyokuwa vinangoja kuingizwa humo. Majina ya watu na nambari zao za simu. Nani kakopa kiasi gani, na kwa haja gani: huyu ada ya mtoto, yule matibabu, mwingine kuezeka upya nyumba. Nani hajalipa miezi mitatu na tumemvumilia. Na humo humo ndimo zingefunguliwa taarifa za fedha za chama zilizoko katika simu na benki. Deni la mtu ni siri yake, na chama kilichokabidhiwa siri hiyo kimekabidhiwa amana. Hata serikali imeliona jambo hili: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata kama sheria isingekuwako, mama wa watu aliyekuja usiku kukopa fedha za dawa hakuja ili jina lake litembee.

Basi kasha likafunguliwa. Mzee wetu mtunza hazina, ambaye sote twamwita Ta kwa desturi ya Kihaya ya kumheshimu mtu mzima, alifurahi kuona imewaka papo hapo. Mimi ndipo nilipoingia mashaka. Kompyuta iliyotoka kiwandani na mfumo wake, siku ya kwanza huuliza: uko nchi gani, wataka lugha gani, jina lako nani. Hii haikuuliza kitu. Iliwaka ikiwa na mwenyewe tayari, jina lake "User", na programu za kuandikia na za hesabu ambazo hatukuzilipia, na michezo miwili mitatu, na gundi ya kasha ilikuwa imekatwa ikabandikwa tena. Nilipotazama khabari za leseni nikakuta imewashwa kwa njia wanayoitumia mashirika makubwa yenye seva zao wenyewe, nasi hatuna shirika wala seva. Tena programu ya kulinda virusi ilikuwa imeagizwa isiichunguze folda moja. Msomaji, mtu akikuuzia nyumba akakwambia chumba kimoja usikifungue, wewe utalala humo?

Mwenye duka alipopigiwa simu hakukasirika wala hakukana. "Mzee wangu," akasema, "zile zilikuja tupu, ndiyo maana bei ikawa nafuu. Tukakuwekea kila kitu usihangaike. Wateja wote twawafanyia hivyo." Nami nasadiki kuwa alisema kweli, na kwamba kwa mawazo yake alikuwa amefanya wema. Lakini sisi hatukuambiwa kabla ya kulipa, na vitabu vyetu katika mlango wa biashara vinampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu akikigundua kina aibu aliyofichwa. Tulishauriana kuirudisha. Tukapima nauli, siku za kungoja, na mkutano wa mwaka uliokuwa umekaribia. Na kwa kuwa kompyuta yenyewe, kioo chake na vyuma vyake, haikuwa na kasoro, tukaona tubaki nayo na tushughulike na kilichomo.

Hapo rai zikagawanyika. Katibu wetu, binti mwalimu wa shule ya msingi, hodari sana, alisema, "Baba, inafanya kazi. Kitu kinachofanya kazi kwa nini tukiguse? Nipeni daftari nianze kuingiza majina leo." Na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kufuta mfumo si kazi ya kuchezea: umeme ukikatika katikati waweza kubaki na sanduku lisilowaka, na pengine baada ya kuweka mfumo mpya sauti ikapotea au kompyuta isiuone mtandao, kwa sababu zile programu ndogo zinazouunganisha mfumo na vyuma, ambazo mafundi huziita draiva, hazimo. Sisi wa Bukoba, ambao kwa miaka mingi umeme wetu umetoka upande wa Uganda, twajua kukatika kwa umeme ni nini.

Rai ya pili ilikuwa ya kijana fundi, mtoto wa jirani. Alikuja akaamkia shikamoo, akaitazama kidogo tu, akasema, "Mzee, hii ifutwe. Nipe saa moja na elfu kumi, nakupigia Windows mpya safi." Akatoa mfukoni mkungu wa funguo, na baina ya funguo ikaning'inia flashi. Nikamuuliza, "Hiyo iliyomo umeitoa wapi, mwanangu?" Akasema alipewa na rafiki yake aliyekuwa akisoma chuo Dar es Salaam. "Na yeye kaitoa wapi?" Akacheka.

Wewe msomaji uliyekaa chuoni wajua kwamba khabari haipokelewi mpaka ijulikane fulani kaipokea kwa nani, na huyo kwa nani, hata ifike kwa mwenyewe. Silsila ya flashi ile ilikatika kwa mtu wa pili. Na hapo ndipo nilipoona kuwa sote watatu tulikuwa tukibishana juu ya swali lisilokuwa lenyewe. Sisi twasema tufute, tusifute. Kumbe kufuta na kuweka cha fundi ni kumtoa mgeni mmoja usiyemjua na kumwingiza mwingine usiyemjua, na elfu kumi juu yake. Swali ni moja: mfumo huu umetoka mkononi mwa nani, na baina ya yule aliyeutengeneza na mimi ni mikono mingapi imeugusa?

Usidhani kwamba hii ni khofu ya wazee. Mwezi wa Agosti 2011 wachunguzi wa kampuni ya Microsoft walinunua kompyuta 20 mpya katika miji mbalimbali ya China, 10 za mezani na 10 za mpakato, wakazifungua wenyewe. 4 kati yake zilikuwa tayari na virusi, kwa sababu njiani, baina ya kiwanda na duka, zilikuwa zimewekewa nakala za bandia za Windows. Moja ilipounganishwa na mtandao ilianza mara moja kuzungumza na bwana wake wa mbali. Khabari hizo zilitangazwa mwaka 2012. Na mwaka 2021 wachunguzi wengine walieleza jinsi kile kiprogramu cha kuwashia Windows bila ya malipo, ambacho mafundi wa nchi nyingi wanacho, kilivyokuwa kikisambazwa pamoja na mwizi wa maneno ya siri ndani yake. Mwizi huyo hakuhitaji kuvunja mlango. Mtu mwenyewe anaambiwa aizime kwanza programu ya ulinzi, naye anaizima.

Lakini nisiwaonee wauza maduka peke yao. Kiwanda nacho ni mkono. Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya Lenovo iliuza baadhi ya kompyuta zake mpakato zikiwa na programu iliyoitwa Superfish, iliyojiingiza baina ya mtu na kurasa alizozifungua, hata zile zenye kufuli, ili kumwekea matangazo ya biashara. Mwezi wa Februari 2015 jambo hilo lilifichuka, na mwaka 2017 kampuni ikapatana na serikali ya Marekani na majimbo 32 kwa malipo ya dola milioni 3.5. Hizo zilikuwa kompyuta halali, za leseni halali, katika makasha yaliyofungwa vizuri.

Kwa hivyo nitakwambia nionavyo mimi, nawe upime.

Ikiwa kompyuta yako imetoka kasha lililofungwa, na siku ya kwanza ikakuuliza nchi na lugha, na leseni yake ni yake, basi sioni haja ya kuharakia kufuta. Ziondoe tu zile programu za ziada ulizowekewa bila ya kuziomba, ziruhusu programu za marekebisho zishuke, kisha endelea na kazi yako. Tangu siku za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wa kompyuta huuweka ufunguo wa leseni ndani ya ubao wa kompyuta wenyewe, hata ukija kufuta siku moja, mfumo ukiwekwa upya huutambua. Ukiwa bado una wasiwasi, uteremshe mfumo kutoka kwa Microsoft wenyewe, uuweke kwa flashi tupu uliyoinunua wewe. Wala usitosheke na kule "kurejesha upya" kunakochukua nakala iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, maana ikiwa mtu ameichezea nakala hiyo, utaurejesha ule ule uchafu. Chagua njia ya kuushusha mfumo kutoka mtandaoni, ambayo imekuwamo tangu mwaka 2020.

Na ukikuta dukani kompyuta iliyotumika yenye Windows 10, ujue kwamba Microsoft waliacha kuuhudumia kwa kawaida mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025. Kuupiga upya ni kama kupaka lipu ukuta wenye ufa. Watu wa Bukoba watanielewa. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi hapa kwetu, anayetaka nyumba ya kupanga haangalii lipu. Huuliza nyumba hii ilijengwa lini, na baada ya tetemeko ilifanywa nini.

Lakini ikiwa yako ni kama yetu, iliyoguswa na mkono usioujua, basi ifute, na usiweke ndani yake hata jina moja kabla ya kuifuta. Hilo sina shaka nalo.

Kisha likabaki jambo la leseni, nalo lilileta maneno mengi kuliko lile la virusi. Mjumbe mmoja alisema, "Kampuni ya Marekani ina mabilioni, itaumia nini na kompyuta moja ya Nyanga?" Watu wakacheka, na wengine wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nikawakumbusha kuwa programu za kompyuta zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, na kwamba wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha Kuwait cha Desemba 1988, waliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi ni mali inayohifadhika kisharia, wala haifai kuzidhulumu. Ta, ambaye si Mwislamu na hakuhitaji fatwa ya Kuwait, alilisema kwa ufupi zaidi. "Sisi twamkatia jina mwanachama akichukua elfu tano ya chama bila ya kuuliza," akasema. "Sasa hesabu ya hizo elfu tano tuiandike ndani ya kitu kilichochukuliwa bila ya kuuliza?"

Leseni halali ingetugharimu zaidi ya robo ya bei ya kompyuta, na mfuko haukuwa nayo. Ikabaki njia ambayo vijana wanaijua na wengi wetu hatuijui: mifumo endeshi inayotolewa bure na watengenezaji wake, kwa idhini yao, nakala upendazo. Mmoja wao ni Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Nayo programu ya kuandikia na ya hesabu inayokuja nayo, LibreOffice, huzifungua faili za Excel ambazo katibu alikuwa amezizoea. Sisi Waswahili tuna ukoo na programu hiyo kuliko tudhanivyo: mwaka huo huo wa 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioitwa Kilinux uliifasiri OpenOffice, ambayo ndiyo mama yake, kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Nasikitika kwamba kazi ile haikusemwa sana misikitini na mashuleni kama ilivyostahiki.

Faili la mfumo ni karibu gigabaiti 6. Tulinunua bando la usiku, tukaliacha lishuke, likakatika mara mbili, likaanza tena. Asubuhi tukafanya jambo ambalo yule kijana fundi hakuwahi kuliona, naye ndiye niliyemwita aje alifanye. Watengenezaji huandika katika ukurasa wao alama ya uhakiki wa kila faili, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Nawe ukishalipokea faili, kompyuta yako hulipigia hesabu na kukutolea alama yake. Zikilingana zote 64, faili ni lile lile lililotoka kwao. Ikibadilika hata nukta ndani ya faili, alama hutoka nyingine kabisa. Kijana alikaa na mimi tukazisoma nne nne, yeye skrini, mimi karatasi, mpaka mwisho. Zikalingana. Hiyo ndiyo silsila isiyokatika, na haikuhitaji kumjua mtu yeyote Dar es Salaam.

Kazi yenyewe ya kuweka mfumo haikufika saa nzima. Tulingoja betri ijae ndipo tukaanza, na kweli umeme ulikatika katikati, betri ikatuvusha. Mtandao uliitika, sauti iliitika. Katibu alinuna siku mbili kwa sababu vitu havikuwa mahali alipovizoea, siku ya tatu akaacha kununa. Fundi naye aliniambia neno ambalo sikuwa na jawabu lake: "Mzee, nimeelewa. Lakini mteja wangu wa sokoni hawezi kungoja siku mbili, na hana bando la gigabaiti 6. Nikimwambia hivyo atakwenda kwa mwingine mwenye flashi." Ni kweli, na wanaoweza kulipunguza tatizo hilo, kwa mfano shule na vyuo vyenye mtandao mzuri kuwawekea mafundi nakala zilizohakikiwa, wangefanya jambo kubwa kwa gharama ndogo.

Iko khatari nyingine, nayo ni ya mtu kuzidisha. Mwaka 1984 bingwa mmoja wa kompyuta wa Marekani, Ken Thompson, alionyesha katika khutuba yake iliyochapishwa kwamba hata ukiisoma programu yote mstari kwa mstari, hila yaweza kuwa imefichwa katika chombo kilichoitengeneza programu hiyo. Na mwaka 2015 ilionekana kuwa baadhi ya kompyuta za Lenovo zilikuwa na kitu ndani ya ubao wenyewe kilichoirudisha programu ya kampuni hata baada ya mtu kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Mwenye wasiwasi akiyasikia haya hatalala. Atakuwa kama mtu anayerudia kutawadha mpaka jamaa wamekwisha sali. Mimi nasema, fikia pale ambapo uwezo wako unafika, upajue mahali hapo, kisha anza kazi. Sisi tuliuondoa mkono wa dukani na mkono wa flashi. Mkono wa kiwanda umebaki, na tumelikubali hilo kwa kujua; ndiyo sababu maneno ya siri ya benki hayaandikwi ndani ya kompyuta ile, yako kichwani mwa watu wawili.

Daftari la karatasi bado liko kwa Ta, na kila mwisho wa mwezi katibu hunakili mapya humo kwa mkono. Nakala ya pili iko katika flashi inayokaa Muleba. Ubuntu tuliouweka ni toleo la Aprili 2024, na wenyewe wameahidi kuutilia marekebisho hadi mwaka 2029. Nimeuandika mwaka huo kwa wino juu ya jalada la daftari, maana huenda nisiwepo wa kuwakumbusha.